PPPoE: kompyuta yangu inatuma PADI bila kujibiwa, ilhali ruta ya mtoa huduma inaunganika vizuri

mwanagenzi aliuliza:

Wanajamvi, naombeni msaada wenu. Nina huduma ya intaneti ya faiba inayotumia PPPoE, yaani itifaki ya kufungua kikao cha intaneti juu ya Ethernet kwa jina la mtumiaji na nenosiri. Mtoa huduma alifunga kifaa cha faiba ukutani, akanipa na ruta yake, ambayo huunganika mara tu inapowashwa. Ninataka nafasi ya ruta hiyo ichukuliwe na kompyuta ndogo yenye Linux na kadi mbili za mtandao, kwa sababu ninahitaji kusimamia ngome, foleni za pakiti na VPN kwa namna ambayo ruta ile hainiruhusu. Kifaa cha faiba ni daraja tu. Ruta ndiyo inayoanzisha kikao cha PPPoE.

Ninatumia pppd, programu ya Linux ya kuendesha miunganisho ya PPP, pamoja na programu-jalizi yake ya PPPoE, na jina la mtumiaji na nenosiri nilipewa kwa maandishi. Nikianzisha muunganisho, logi inaonyesha kwamba PADI (ombi la kutafuta seva) imetumwa, inatumwa tena kwa vipindi vinavyozidi kurefuka, kisha programu inakata tamaa na kuandika kwamba muda wa kusubiri PADO (jibu la seva) umekwisha. Nikiurudisha waya kwenye ruta, intaneti inarudi. Nimebadilisha waya, nimetumia kadi ya pili, na hali ni ile ile.

Dawati la huduma kwa wateja limenijibu kwamba programu yangu haipatani na mitambo yao na kwamba wao wanashughulikia ruta yao peke yake. Je, ni kweli kwamba PPPoE ya Linux inaweza isipatane na ya mitambo ya mtoa huduma, au kuna jambo ruta inalifanya ambalo mimi silifanyi?

fundinyaya alijibu:

Ndugu, jibu ulilopewa dawatini halikusaidii kwa sababu halisemi mazungumzo yanakatikia wapi. PPPoE imeandikwa hadharani katika RFC 2516, hati ya kiufundi ya intaneti, tangu mwaka 1999, na pppd imetumika nayo kwa muda mrefu kiasi kwamba ruta nyingi za nyumbani huendesha Linux na pppd hiyo hiyo ndani ya makasha yao. Kinachokwamisha watu kwa kawaida ni mpangilio uliokwisha kuwekwa ndani ya ruta ya mtoa huduma ambao mteja hakuambiwa.

Muunganisho huu hupita hatua zinazofuatana, na kila hatua inaposhindikana huacha alama yake. Hatua ya kwanza ni ugunduzi: mteja hutuma PADI kwa wote waliopo kwenye waya, seva hujibu kwa PADO, mteja huomba kikao kwa PADR, na seva huhitimisha kwa PADS yenye namba ya kikao. Fremu hizo zote hubeba namba ya aina 8863 (kwa heksadesimali). Baada ya hapo namba hubadilika kuwa 8864, na PPP yenyewe huanza: LCP ya kukubaliana masharti ya kiungo, halafu uthibitishaji, halafu IPCP ya kugawa anwani. Wewe umekwama kabla jina lako la mtumiaji halijatajwa popote. Hapa ndipo wengi hupoteza jioni nzima, kwa sababu PADI haibebi jina wala nenosiri. Kukosekana kwa PADO hakuwezi kuletwa na nenosiri baya, na kuliandika upya mara mia hakutabadilisha kitu.

Kimya baada ya PADI, hasa pale ambapo ruta nyingine inafanya kazi kwenye waya ule ule, kinanifanya nishuku kwanza tagi ya VLAN, yaani alama kwenye fremu inayoonyesha ni ya mtandao pepe upi. Watoa huduma wengi hutenganisha intaneti, simu na televisheni kwa VLAN ndani ya faiba moja, na baadhi yao huiacha kazi ya kubandika tagi kwa ruta ya mteja. PADI yako ikitoka bila tagi, au ikiwa na tagi yenye namba nyingine, mitambo huitupa bila kusema neno, kwa kuwa haijui ni ya huduma ipi. Namba zinazoweza kutumika ni kuanzia 1 hadi 4094, kwa hiyo usianze kukisia.

Unazo kadi mbili, na hilo linatosha kukupatia jibu bila kununua kifaa chochote. Ziunganishe kadi hizo kuwa daraja ndani ya Linux, chomeka kifaa cha faiba upande mmoja na ruta ya mtoa huduma upande wa pili, anza kunasa pakiti kwa tcpdump kwenye mojawapo ya kadi, kisha izime ruta na kuiwasha. Tumia chaguo la -e ili kichwa cha Ethernet kionekane. Kuna mtego mmoja: ukichuja kwa neno pppoed pekee, fremu zenye tagi ya VLAN huenda zisionekane, ukadhani ruta haitumi chochote. Nasa kila kitu bila kuchuja, uchambue baadaye.

Katika PADI ya ruta, angalia namba ya VLAN, angalia kama Service-Name ni tupu au ina maandishi, na angalia kama kuna Host-Uniq na kama thamani yake hubadilika kila ruta inapowashwa. Service-Name tupu humaanisha kwamba mteja anakubali huduma yoyote itakayotolewa. Ikiwa na maandishi, nawe yaandike hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Host-Uniq kwa kawaida ni alama ambayo mteja hujitungia ili ayatambue majibu yake, lakini wapo watoa huduma ambao hawajibu mpaka waone thamani waliyoipanga wao, kinyume kabisa na kusudi la RFC.

Tafadhali usiyabandike hapa uliyoyanasa bila kuyakagua. Ikiwa uthibitishaji ni wa PAP, jina na nenosiri vitakuwa humo vikisomeka waziwazi.

mlinzi_wa_lango alijibu:

Naongeza jambo kwa ajili ya wengine watakaosoma. Kuna mitambo ambayo hukumbuka anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) ya kifaa cha mwisho kilichounganika, na hukikataa kifaa kipya mpaka kumbukumbu hiyo ifutike au kifaa cha faiba kizimwe kwa muda. Ukitaka kuliondoa shaka hilo mapema, ipe kadi ya kompyuta anwani ya MAC ile ile ya ruta, mradi ruta yenyewe isiwe kwenye waya wakati huo.

Sikubaliani, hata hivyo, na ushauri unaorudiwa kila mahali kwamba mtu anunue kadi nyingine ya mtandao. Kadi inayotuma fremu za kawaida bila hitilafu inatuma pia PADI, kwa sababu PADI ni fremu ya Ethernet kama nyingine.

mwanagenzi aliandika tena:

Nashukuru sana. Nimefanya kama mlivyoelekeza, na PADI ya ruta imeonekana ikitoka na tagi ya VLAN namba 100, Service-Name ikiwa tupu, na Host-Uniq ikibadilika kila ruta inapowashwa. Nimeunda kiolesura cha eth0.100 na kumwelekeza pppd atumie hicho badala ya eth0. PADO imekuja papo hapo, na PADS ikafuata ikiwa na namba ya kikao.

Sasa tatizo limehamia mbele. LCP inaanza, ujumbe unapita huku na huku, kisha logi inaandika kwamba upande wa pili umekataa kujithibitisha na kiungo kinafungwa. Nimelikagua jina na nenosiri, na vyote viko sawa katika faili la chap-secrets. Kwa nini seva ikatae kujithibitisha, ilhali mimi ndiye ninayepaswa kuthibitishwa?

fundinyaya alijibu:

Swali lako la mwisho ndilo lenye jibu. PPP haina bwana na mtwana: kila upande una haki ya kumdai mwenzake ajithibitishe. Katika logi yako, pppd ndiye anayeidai seva ya mtoa huduma itoe jina na nenosiri, nayo inakataa, kama ambavyo ingemkatalia mteja yeyote. Karibu kila mara dai hilo hutoka kwenye faili la jumla la /etc/ppp/options, ambalo katika usambazaji kadhaa wa Linux huja likiwa na neno auth. Andika noauth katika faili la muunganisho wako. Neno hilo huwatia watu hofu kwa sababu linaonekana kana kwamba linaondoa ulinzi, lakini linaondoa dai lako kwa seva tu. Wewe utaendelea kujithibitisha kwa seva kama kawaida.

Washa pia chaguo la debug, kisha usome mazungumzo ya LCP mwenyewe, kwa kuwa ni mafupi na yana utaratibu. Kila upande hutuma ConfReq yenye orodha ya masharti unayoyataka. Mwenzake akijibu ConfAck, amekubali yote. Akijibu ConfNak, sharti analielewa lakini anapendekeza thamani nyingine. Akijibu ConfRej, sharti hilo halitaki kabisa, na anatarajia liondolewe katika ombi linalofuata. Utangamano wa PPP unategemea mwenendo huo: pande mbili zenye uwezo tofauti hushuka hatua kwa hatua mpaka pale zinapokutana. Ukiona kwamba sharti lile lile linaombwa na kukataliwa tena na tena, upande mmoja umefungwa kwenye sharti ambalo hauko tayari kuliachia, na mara nyingi ni upande wetu, kwa sababu mtu amenakili mipangilio ya VPN ya zamani yenye madai ambayo mtoa huduma wa faiba hana habari nayo.

Katika ConfReq ya seva tafuta sehemu ya auth. Huko ndiko seva inakosema kama inataka PAP, CHAP ya MD5 (ambayo haitumi nenosiri lenyewe) au aina nyingine. Ikiwa mipangilio yako ina refuse-pap au refuse-chap, iondoe, na uandike jina na nenosiri katika mafaili yote mawili, pap-secrets na chap-secrets, ili seva ikichagua njia yoyote ukutwe unayo. Nenosiri lenye alama ya # lifunge kwa alama za kunukuu, la sivyo pppd atayahesabu yanayofuata kuwa maelezo ya pembeni na kutuma nusu ya nenosiri.

mlinzi_wa_lango alijibu:

Jambo moja zaidi, kwa kuwa upo katika majaribio. Ukichomoa waya ghafla au kuizima kompyuta bila kufunga kikao, ujumbe wa PADT hautumwi, na seva inabaki ikiamini kwamba bado upo. Mtoa huduma akiwa anaruhusu kikao kimoja kwa kila akaunti, jaribio lako linalofuata litakataliwa katika uthibitishaji hata kama nenosiri ni sahihi, mpaka seva igundue kwamba maswali yake ya LCP ya kuulizia uhai hayajibiwi. Mpangilio ambao haujaguswa unafanya kazi asubuhi, unakataa mchana, kisha unafanya kazi tena baada ya chakula. Zima pppd kwa utaratibu kabla ya kugusa waya.

mwanagenzi aliandika tena:

Neno noauth limeniondolea tatizo. Seva inataka CHAP, uthibitishaji umekubaliwa, na nimepewa anwani. Kutoka kwenye kompyuta yenyewe kila kitu kinaonekana kuwa sawa.

Linalonisumbua sasa ni mashine zilizo nyuma ya kompyuta hii. Ping inafanya kazi, majina yanatafsiriwa, baadhi ya tovuti zinafunguka haraka kabisa, lakini nyingine zinabaki zikizunguka bila kuonyesha kitu. Kivinjari kinasema kimekwisha kuunganika na kwamba kinasubiri. Barua pepe fupi zinatoka, lakini zenye viambatisho hazitoki. Je, hapa sasa tunaweza kusema kwamba mitambo haipatani?

fundinyaya alijibu:

Hapana. Hapa tumefika kwenye ukubwa wa pakiti, na dalili ulizozieleza ni zake zote.

Fremu ya kawaida ya Ethernet hubeba mzigo wa hadi baiti 1500. PPPoE huchukua baiti 6 za kichwa chake, na PPP huchukua baiti 2 za namba ya itifaki, kwa hiyo pakiti ya IP hubakiwa na baiti 1492. Kompyuta yako inalijua hilo kwa sababu kiolesura cha ppp0 kina MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1492. Mashine zilizo nyuma yake hazilijui. Zinaona Ethernet ya 1500, na zinapofungua TCP huiambia seva ya mbali kwamba zinaweza kupokea vipande vya data vya baiti 1460. Seva hutuma pakiti kamili za 1500 zenye amri ya kutokatwa, nazo zikifika kwenye mtambo wa mtoa huduma unaotazamana nawe hazitoshi kupita. Mtambo huo unapaswa kurudisha ujumbe wa ICMP unaomweleza mtumaji apunguze ukubwa. Lakini wasimamizi wengi wa seva wamezuia ICMP yote kwenye ngome zao kwa kudhani wanajilinda, ujumbe haufiki, na seva inaendelea kutuma pakiti zile zile kubwa ambazo hazitapita kamwe. Upande wa kutoka huenda vivyo hivyo ikiwa ngome yako nawe inaizuia ICMP, na ndiyo maana ningeikagua kwanza, kwa sababu ya viambatisho vyako.

Ndiyo maana muunganisho unafunguka: pakiti za kufungulia TCP ni ndogo. Kinachokwama ni pakiti kubwa ya kwanza, na kwa tovuti za HTTPS hiyo kwa kawaida ni ile inayobeba cheti cha seva. Tovuti zinazokufungukia haraka huenda zinatumia QUIC, ambayo huendeshwa juu ya UDP, huanza na pakiti ndogo kuliko hizo na hujipimia njia yenyewe bila kuitegemea ICMP.

Hakikisha kwanza. Kutoka kwenye mashine ya Linux iliyo nyuma, tuma ping -M do -s 1464 kwenda kwenye anwani yoyote ya nje inayojibu. Baiti 1464 za data, 8 za ICMP na 20 za IP zinafanya 1492 kamili, kwa hiyo inapaswa kupita. Ongeza iwe 1465, na inapaswa kukataliwa kwa maelezo yanayotaja 1492. Ikinyamaza tu badala ya kukataliwa, ngome ya kompyuta yako nayo inaizuia ICMP, na hilo ulirekebishe kabla ya jambo lingine.

Dawa ya kudumu ni kuiagiza ngome ipunguze MSS (ukubwa wa juu wa kipande cha data cha TCP) katika pakiti za kufungulia TCP zinazopita ppp0. Katika iptables ni lengo la TCPMSS lenye chaguo la --clamp-mss-to-pmtu, likiwekwa kwenye mnyororo wa FORWARD wa jedwali la mangle. Katika nftables kuna kanuni inayofanya kazi hiyo hiyo. Matokeo yake ni MSS ya 1452 kwa IPv4 na 1432 kwa IPv6. Ruta ya mtoa huduma ilikuwa ikilifanya hili kimyakimya, na ndiyo sababu hukuwahi kuliona tatizo.

Baadhi ya watu watakwambia upunguze MTU ya kila mashine hadi 1492. Inafanya kazi, lakini utajitwisha mzigo wa kuifuatilia kila simu na kila kompyuta inayoingia kwenye mtandao wako, na mimi siipendekezi.

mlinzi_wa_lango alijibu:

Ipo pia njia ya kuirudisha 1500 nzima, iliyoelezwa katika RFC 4638 ya mwaka 2006, ambapo mteja huweka tagi ya PPP-Max-Payload katika PADI na seva huirudisha katika PADS ikiwa imekubali. Ili ifanye kazi, eth0 na eth0.100 zote ziwe na MTU ya 1508, kisha pppd apewe chaguo za "mtu 1500" na "mru 1500" (ukubwa wa kutuma na wa kupokea). Anza na eth0, kwa sababu kiolesura cha VLAN hakiwezi kuzidi kile kilichokibeba. PADS ikirudi bila tagi hiyo, mtambo wa mtoa huduma hauitambui, na hakuna mpangilio wa upande wako utakaoulazimisha. Baki na 1492. Hii nadhani ndiyo sehemu pekee katika mjadala huu mzima ambapo neno la dawati kuhusu kutopatana lingekuwa na ukweli.

mwanagenzi aliandika tena:

Ngome yangu ilikuwa inaizuia ICMP kama mlivyoshuku. Nimeiruhusu, nimeweka kanuni ya MSS, na tovuti zote zinafunguka. Viambatisho navyo vinatoka. PADS yangu hairudishi PPP-Max-Payload, kwa hiyo nimeacha 1492. Je, nikifanikiwa baadaye kupata 1500, kanuni ya MSS niiondoe? Na IPv6 mbona haipo, ingawa logi inasema IPV6CP imekubaliwa?

fundinyaya alijibu:

Kanuni iache. Umesema utaweka VPN, nayo itakula baiti zake juu ya hizi, na kanuni inayofuata MTU ya njia haidhuru chochote pale ambapo hakuna cha kupunguza.

Kuhusu IPv6, IPV6CP, sehemu ya PPP inayoshughulikia IPv6, hukubaliana tu juu ya kitambulisho cha biti 64 cha kila upande, ambacho kinatosha kuunda anwani inayoanza na fe80 na kuishia hapo hapo kwenye kiungo. Anwani za mtandao wako wa ndani huombwa kando, kwa DHCPv6 yenye ombi la kukabidhiwa kiambishi, ikiendeshwa juu ya ppp0 baada ya kiungo kusimama. Endesha programu ya mteja wa DHCPv6 kwenye ppp0, si kwenye eth0.100, na uruhusu UDP inayoingia kwenye mlango namba 546 kutoka anwani za fe80, kwa sababu ngome nyingi hulitupa jibu la seva kwa kuwa ombi lilitumwa kwa anwani ya kundi na jibu linatoka kwa anwani nyingine.